Swali Ambalo Hajiri Hakulijibu

Wapendwa, fungueni Mwanzo sura ya 16, mtazame pale penye chemchemi, kando ya njia ya Shuri. Mwanamke mja mzito ameketi peke yake. Ni mtumwa kutoka Misri, amemtoroka bibi yake. Abramu na Sarai wamekwisha kulikata shauri lake, wamepanga habari za mwili wake na tumbo lake, na katika maneno yao yote hakuna mahali walipomtaja kwa jina. Kwao ni mjakazi, basi. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika wa Bwana. Anamwita Hajiri, halafu anamwuliza mambo mawili: ametoka wapi, na anakwenda wapi.

Hajiri alijibu moja. Alisema anamkimbia bibi yake. Swali la pili aliliacha palepale mchangani. Na angelijibuje? Mtoro anakijua anachokikimbia. Anakokwenda anakujua Mungu, na baadaye watoto wa watoto wake, wakikubali kuuliza.

Ndugu zangu wa Mahoo, wa Bomeni, wa Kitobo, nanyi wa Voi, wa Sagalla na Bura: watoto wa watoto ni ninyi. Ni mimi pia. Swali limelala mlangoni petu miaka zaidi ya 130, nasi tunaliruka kila asubuhi tukienda shambani.

Nitaanza na nyumba yangu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani, kitasa chake kilikuwa kimekufa, likafungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na kanga mbili alizojiwekea kwa maziko yake, risiti za kodi, picha moja, na cheti cha ubatizo cha baba yake kilichokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikawa matundu. Nilikikunjua nikiwa mtu mzima, wiki moja baada ya kumzika. Jina la mbatizwa lipo, kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Mahali pa jina la mama pana jina moja tu. Mahali pa jina la baba pana kistari. Ni kistari kifupi, kimekolezwa, kana kwamba mwandishi aliuliza, akangoja, akauliza tena, kisha akaikandamiza kalamu.

Tulipokuwa wadogo tulimwuliza bibi tulikotoka, naye alisema, "Rabai." Ukimwuliza, na kabla ya Rabai? Aliinuka kwenda kutazama chungu jikoni. Nilidhani ni chungu. Leo naamini alikuwa amebeba mzigo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyemsaidia kuutua.

Basi sikilizeni Rabai ilikuwa nini. Mmisionari Krapf alijenga pale mwaka 1846, juu ya vilima nyuma ya Mombasa, na kwa miaka mingi wafuasi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kufikia miaka ya 1880 mahali pale palikuwa pamejaa. Walikuwako watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza wakiwa baharini ndani ya majahazi, baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliomlazimisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja. Hao walitengewa makao Freretown mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na wengine wakapelekwa Rabai. Habari zao zimesimuliwa. James Mbotela aliziandika kwa Kiswahili katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934. Lakini walikuwako pia wengine, ambao hakuna manowari iliyowafuata. Hao waliondoka usiku kutoka mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa, kwa miguu yao wenyewe, mama na mtoto mgongoni, mzee na fimbo yake. Pwani waliitwa watoro.

Walikwenda walikosikia kuna mlango. Wengine walifika Witu, ambako Sultani Ahmed, yule aliyeitwa Simba, aliwapa hifadhi. Wengine walikusanyika Fuladoyo, kule bara ya Wagiriama, kwa Mgiriama Mkristo aliyeitwa Abe Ngoa. Wakalima, wakajenga, wakajifunza kusoma. Mwalimu wao David Koi aliuawa mwaka 1883, na damu yake inahesabiwa kati ya damu za kwanza za mashahidi wa Kanisa la Kenya. Ni wangapi katika makanisa yetu wanaolijua jina hilo? Tunawafundisha watoto wa Sunday School kuhusu Polikarpo wa Smirna, na vema tunafanya. David Koi aliuawa upande huu wa bahari, kwa ajili ya watu ambao huenda ni mababu zetu, naye hatumjui.

Na wengine wakafika Rabai. Huko walimkuta William Jones.

Jones mwenyewe alikuwa amekamatwa utotoni huko Uyao, akauzwa, akaokolewa baharini, akalelewa Nasik nchini India, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1864 akiwa kijana mwenye elimu na ufundi. Mwaka 1885 alisafiri na Askofu Hannington kutoka Rabai kupitia nchi yetu hii ya Taita, na Hannington alipouawa Busoga ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia. Mtu huyu alikuwa mlangoni Rabai wakati watoro wanabisha hodi. Fikirini usiku wa namna hiyo. Kuna sauti nje. Sheria ya pwani inasema aliyeko nje ni mali ya mtu. Barua za wakubwa wa misheni zinasema usituletee vita na Waarabu. Na wewe uliye ndani unakumbuka kamba shingoni mwako ulipokuwa mtoto. Watoro wakaendelea kuingia, wakajenga vibanda, wakapanda mahindi, mpaka wakawa wengi kupita uwezo wa mtu yeyote kuwaficha.

Mwishoni mwa mwaka 1888 mambo yakaiva. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imetia mguu Mombasa chini ya George Mackenzie, nao wenye watumwa walidai watu wao warudishwe. Mackenzie akaamua kulipa: reale 25 kwa kila kichwa. Siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1889, zikatolewa Rabai hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400.

Tunaipenda siku ile, na tuipende. Ila tuangalie nani alitia fedha kibindoni. Alilipwa bwana. Yule aliyekuwa amelima bure miaka 10, 20, aliyevuka pori usiku huku fisi wakilia, hakupata hata pesa moja. Alikuwa amekwisha kujikomboa kwa nyayo zake, akanunuliwa tena akiwa tayari huru. Na mwaka 1907, sheria ilipoufuta utumwa pwani ya Kenya, mambo yakawa yaleyale: fidia ilikwenda kwa aliyemiliki. Nasema haya kwa uchungu, na uchungu huo sitaki upoe.

Lakini oneni Mungu anavyofanya kazi hata na wino wa wachoyo. Anayedai fidia lazima ataje anachokidai. Ili alipwe, ilimbidi bwana aseme mtu wake aitwa nani. Ndiyo maana majina yako. Yako katika makaratasi ya wenye mali, katika madaftari ya ubatizo, katika majalada ya maofisa. Tamaa ya fedha ililazimika kumtaja kwa jina mtu ambaye utumwa ulimwita kichwa.

Frederick Douglass wa Marekani alitoroka utumwani Maryland tarehe 3 Septemba 1838, akawa mnenaji mkuu wa zama zake, akaandika maisha yake mara tatu. Hadi anakufa, mwaka 1895, hakujua alizaliwa lini, na jambo hilo lilimuuma kwa sababu watoto wa Kizungu walizijua siku zao. Alikisia mwaka 1817. Karibu miaka 85 baada ya kifo chake, mtafiti Dickson Preston alifungua daftari la mali la bwana aliyemmiliki, Aaron Anthony, na humo, pamoja na hesabu za mali nyingine, akakuta mtoto Frederick Augustus, mwana wa Harriet, Februari 1818. Kile ambacho Douglass alikililia maisha yake yote kilikuwa kimelala kwenye daftari la mwizi wake. Kilichokosekana ni mtu wa kulifungua.

Basi ndugu, ni daftari gani limelala kwa ajili yako?

Najua neno lenyewe linatuzuia. Mtoro. Leo tunamwita hivyo mtoto anayekwepa shule, na askari aliyeacha lindo. Neno limebeba lawama tangu zamani, kwa sababu aliyelitunga ni yule aliyekimbiwa. Mimi nimelitubia neno hili. Nikilisema sasa nalisema kama cheo. Mtoro ni mtu aliyeambiwa na dunia nzima, na sheria, na kiboko, na hata mara nyingine na mtu wa dini, kwamba yeye si wake mwenyewe, naye katika giza la usiku akakataa kwa moyo wake wote. Katika ukoo wetu sijui mtu mwenye imani kubwa kuliko huyo.

Na kuna andiko gumu ambalo lazima nilishike kwa mikono miwili, maana wengi wamelitumia vibaya. Malaika alimwambia Hajiri arudi kwa bibi yake. Kwa andiko hilo wanawake wamerudishwa kwenye nyumba za kipigo, na watoro wamefungiwa milango. Hata misheni hazikuwa safi: mwaka 1881 ilibidi kufanyike uchunguzi Freretown kwa sababu ya viboko walivyopigwa watu waliokuja wakitafuta uhuru. Someni basi na Kumbukumbu la Torati 23, aya ya 15 na 16. Hapo Bwana anaamuru wazi kwamba mtumwa aliyekukimbilia asirudishwe kwa bwana wake. Akae kwako, mahali atakapopachagua mwenyewe, wala usimwonee. Mahali atakapopachagua mwenyewe! Kwa mtu ambaye maisha yake yote alichaguliwa pa kulala, hiyo ni injili nzima.

Na nchi yetu ilikuwa mahali pa namna hiyo. Wazee wa Wataveta wanasimulia koo zao: hawa walitoka Usambara, hawa Upare, hawa Uchaga, hawa kwa Waarusha, hawa Utaita. Kilichowakusanya ni msitu ule mnene kando ya mto Lumi, wenye maji yasiyokauka na njia nyembamba zilizofungwa kwa milango ya magogo. Misafara iliyotoka Mombasa, Vanga na Pangani ilipumzika hapa kabla ya kuingia Umasaini; Joseph Thomson alipiga kambi hapa mwaka 1883. Taveta ilikuwa ngome ya watu waliohitaji pa kujificha. Nasema haya mbele ya wale wanaonong'ona kwamba tukianza kuulizana asili, fulani ataonekana mgeni, na mgeni atanyang'anywa shamba. Hofu hiyo naielewa. Katika kaunti ambayo ardhi kubwa ilitwaliwa kwa mkonge na wenyeji wakabaki wakibanana, mtu hachezei neno "ulitoka wapi". Lakini kama Taveta yenyewe ni ya waliokimbilia, nani hapa atamnyooshea mwenzake kidole? Aliyefika msituni jioni na aliyefika alfajiri wote walifika wakihema.

Tuulizane pia yale yanayotuaibisha upande wa pili. Hatukuwa watu wa kuonewa tu. Njaa ya mwaka 1884, ambayo Wataita waliiita Mwakisenge, ilifanya watoto wawekwe rehani kwa chakula, na rehani nyingine hazikukombolewa kamwe. Mtu anayetafuta habari za babu aliyetoroka anaweza kukuta, katika nyumba hiyohiyo, babu aliyempeleka mtoto wa jirani kwenye msafara. Akikuta, asifunike. Atubu kwa niaba ya nyumba yake na aandike yote mawili.

Sasa nisemeje jinsi ya kuuliza? Nimekosea mara nyingi, na makosa yangu yawafae. Mara ya kwanza nilimwendea mzee mmoja nikamwuliza moja kwa moja kama nyanya yake alikuwa mtumwa. Alinitazama, akaomba fimbo yake, akaondoka. Sikupata nafasi ya pili. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo sianzi na utumwa. Naanza na nyimbo za kubembeleza mtoto: ni lugha gani? Naanza na chakula ambacho nyumba fulani haikili. Nauliza ni nani waliotahiriwa pamoja, walizikwa wapi, kaburi linaelekea wapi. Nauliza jina la mtoto wa kwanza lilitoka kwa nani. Mama mmoja aliniambia kuwa nyanya yake, akiudhika, alihesabu kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeielewa. Akanihesabia, moja mpaka tano, kama alivyoikariri. Pale nilivua kofia.

Majina nayo yasikupoteze. Kule mashambani mtu alivuliwa jina la kwao akapachikwa jingine: Mabruki, Feruzi, Majaliwa, Baraka. Ni majina ya heri, aliyopewa mtu asiye na heri. Akija misheni akabatizwa, akapata la tatu. Paulo alimwandikia Filemoni juu ya mtoro Onesimo, na Onesimo maana yake ni mwenye kufaa, jina la mtumwa kabisa, ndugu yake Feruzi na Mabruki. Yule binti wa Darfur ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000 tunamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Hilo ni jina alilopewa na waliomteka, na kwa hofu aliyotiwa alilisahau lile alilopewa na mama yake. Mahakama ya Venice ilimtambua kuwa huru tarehe 29 Novemba 1889, mwaka uleule wa hati za Rabai. Kwa hiyo ukikuta jina moja ukutani mwa ukoo wako, usiseme umefika. Chini yake huenda kuna jina jingine, na chini ya hilo jingine.

Kisha nenda kwenye makaratasi. Rabai kuna jumba la makumbusho la Krapf na kanisa ambalo bado linasali. Barua za wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) zimehifadhiwa Birmingham, Uingereza. Zanzibar na Nairobi kuna hifadhi za nyaraka za serikali. Na usidharau ya nyumbani. Hapa Taveta misheni ya CMS, wakati wa mmisionari Steggall, ilitoa gazeti dogo, Taveta Chronicle, kuanzia 1895 hadi 1901. Mwaka uleule Douglass anafariki Marekani bila kuijua siku yake ya kuzaliwa, katika msitu wetu kulikuwa na watu wanaandika nani ameoa, nani amebatizwa, nani amefika. Vijana mnaosoma vyuo vikuu, mnatafuta mada ya kuandikia tasnifu hadi ng'ambo: mada imeketi jikoni kwenu, inachambua mboga, ina miaka 88, na inakohoa usiku.

Maana hapo ndipo moyo wangu unapowaka. Karatasi itangoja. Daftari la Aaron Anthony lilingoja miaka zaidi ya 150. Mzee hangoji. Kila maziko tunayokwenda pamoja, tukiimba vizuri na kupika vizuri, tunafukia maktaba na kuweka saruji juu. Tumewaacha wazee wetu wafe na aibu isiyo yao. Aibu ni ya aliyefunga kamba. Kwa nini iendelee kulala katika sanduku la aliyeikata? Na ninyi mnaokaa kwenye vikao vya posa, mkasikia mtu anamchambua binti wa watu kwa kunong'ona kwamba asili yao haijulikani: siku hiyo simameni. Semeni kwa sauti kwamba asili yao inajulikana na Mungu aliyemwona Hajiri, na kwamba ninyi mtaisaidia nyumba hiyo kuitafuta.

Hajiri alipoondoka pale chemchemini alifanya jambo ambalo hakulifanya Abramu wala Sarai: alimpa Mungu jina. Alimwita Mungu anayeona. Mwanamke aliyekuwa haitwi kwa jina na waliommiliki ndiye aliyepata ujasiri wa kumtaja Mwenyezi kwa jina alilolitunga yeye. Na kisima kile kikaitwa hivyo, wapita njia wakalitamka jina lile wakichota maji.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, nitakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa, na meza moja, madaftari mawili mapya na kalamu. Mwenye mzee nyumbani amlete, hata kwa bodaboda, nauli tutachanga. Mwenye sanduku alete sanduku. Asiyejua kitu aje aketi asikilize. Nami nitakuja na cheti cha baba wa bibi yangu, chenye kistari mahali pa jina la baba, nikiweke mezani kwanza, mbele ya wote, kimekunjuliwa.